Barakoa za vumbi za hadiweya: nimezijaribu kwa grainda, hii ndo hali

Mie ni fundi wa tailsi huku Mikindani, kazi yangu ni grainda na vumbi asubuhi mpaka jioni, na miaka yote nilikuwa najifunga leso puani nikijua nimejikinga, kumbe wapi. Mwezi huu nikasema wacha nipite mahadiweya ya Makupa nione ipi ya maana.

Nilianza na ile nyeupe nyepesi kama kikombe, lastiki moja, bob 20. Hiyo achana nayo. Ukifagia nyumba sawa, lakini kwa grainda ni pambo tu, jioni nikapenga kamasi ikatoka kama uji wa simenti, mke wangu akaniuliza kwani uliivaa shingoni?

Nikapandisha, FFP2 (daraja la Ulaya la barakoa za vumbi) yenye vali, kile kitundu cha kutolea pumzi, bob 250. Yaani hapa ndo nikajua tofauti! Kitambaa cha FFP2 huzuia angalau asilimia 94 ya chembe, FFP1 ni 80, FFP3 ni 99, na N95 ya Wamarekani iko karibu na hiyo FFP2. Vumbi la tailsi lina silika, yale madini ya mchanga, na linalomaliza mapafu si lile unaloliona likiruka, ni lile laini lisoonekana kwa macho, sasa leso italishikaje? Vali nayo ni ya joto letu hili, bila hiyo uso mzima unakuwa kama wali uliopaliwa makaa.

Lakini siku za kwanza miwani ilikuwa inaingia ukungu, kumbe sijabana ule waya wa puani, pumzi inatokea juu na vumbi linaingilia hapo hapo. Halafu ndevu. Wenye nazo mtanisamehe, kijana wangu wa kazi anazo za kushiba, alivaa hiyo hiyo ya 250 na bado alipenga kijivu, maana hewa inapita kwenye ndevu. Mie nimenyoa nikabakisha masharubu.

Kosa langu jingine niliifua na sabuni ya unga nikaianika. Usifue! Kile kitambaa hunasa vumbi kwa umeme tuli, kama kichana ukikisugua nyweleni kinavyovuta vipande vya karatasi, ukishaloweka sabuni umeme ushakwenda, imebaki sura. Na ubavuni imeandikwa NR, yaani zamu moja tu, ambapo 250 kila siku kwa kibarua inauma, so siku hizi mistari iliyonyooka nakata na ile mashine ya mkono ya kuvunja, haina vumbi, grainda nabakisha kwa kona.

Ami mmoja alitaka kunipa “N95” ya kuning'iniza masikioni, nikamrudishia. N95 zilizopitishwa na NIOSH, taasisi ya Marekani inayozikagua, ni lastiki mbili nyuma ya kichwa.

Harufu ya tina ya rangi FFP2 haizuii, wapiga rangi msijidanganye.

FFP2 naipa 8 kwa 10. Moja nimekata kwa bei, nyingine kwa vipele vya jasho puani.