Gemu ya rangi niliyoirudia: kete bado ziko hewani, kidirisha kimeshafunguka

Najua wengine mnasoma nyota tu mnaondoka, kwa hiyo nianze nazo: mbili. Nilipokaa kuandika nilikuwa nimeamua moja, na wiki chache nyuma ningetoa nne hata kabla hujamaliza kuniuliza. Msizichukulie kama hukumu ya mahakama. Zinaweza kupanda au kushuka kabla sijafika chini.

Gemu yenyewe ni zilezile mnazozijua. Ubao umejaa kete za rangi, unabadilishana mbili zilizo jirani, zikikaa tatu za rangi moja kwenye mstari zinapasuka, za juu zinashuka na mpya zinamiminika kuziba mapengo. Mtindo huu haujabadilika sana tangu Shariki ya mwaka 1994, ile ya Mrusi Eugene Alemzhin iliyochezwa kwenye DOS, ule mfumo wa kompyuta za zamani, na Bejeweled ilipokuja 2001 ndiyo ikaufikisha kwenye kompyuta za watu ambao maishani hawajawahi kujiita wachezaji wa gemu. Mimi ni wa kundi hilo. Za vita sichezi, za magari sichezi. Nataka kitu cha kushughulisha mkono na jicho wakati kichwa kinapoa.

Mara ya kwanza niliifuta kwa sababu ya macho. Kete zote zilikuwa duara, tena duara la ukubwa mmoja, na kati ya nyekundu na rangi ya chungwa palikuwa na tofauti ya kutafutwa kwa kurunzi. Mchana unajikaza. Usiku, ukiwa umeweka skrini ipunguze mwanga wa bluu ili macho yasiume, hata hiyo tofauti kidogo inayeyuka. Unasogeza kete ukiamini umepata tatu, inakwenda, inarudi ilikotoka, na spika inatoa kamlio ka kukuzomea. Kamlio kale! Aliyekachagua sijui alikuwa ana ugomvi na nani.

Na hili si jambo la kusubiri mvumbuzi. Bejeweled ilishalimaliza zamani: kila rangi ilipewa na umbo lake, nyekundu mraba, zambarau pembetatu, nyeupe duara, ili jicho lisitegemee rangi peke yake. Halafu miaka mingi baadaye mtu anatengeneza gemu nzima juu ya rangi na kusahau kwamba watu hatuoni rangi sawasawa. Miongoni mwa wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana upungufu wa kutofautisha rangi, na mwanamke karibu 1 kati ya 200. Kwingineko hesabu hutofautiana lakini hali ipo. Aina iliyoenea zaidi ni ile ya kuchanganya nyekundu na kijani. Mdogo wangu anayo. Siku ile nilipomwonyesha toleo la kwanza alitazama ubao kwa muda akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kaka, hii gemu ina rangi nne. Mbona wewe unasema sita?"

Nikaifuta. Sikuandika chochote mahali popote, nikaendelea na maisha yangu.

Miezi kadhaa ikapita, nikasikia limetoka toleo jipya. Sikuwa na haraka nalo, ila nikaona picha yake: kete zina maumbo! Nyekundu imekuwa na pembe, ya chungwa imekuwa jani, kijani imechongwa juu kama tone la maji linaloanguka. Na kwenye mipangilio kuna kitufe cha kuongeza alama katikati ya kila kete, kwa ambaye hata maumbo hayamtoshi. Nikaipakua tena.

Sasa hapa naomba mniache niisifu, maana ilistahili. Walifanya kazi. Yule aliyechora zile kete ameelewa kwamba jicho la mchezaji halisomi kete mojamoja. Linapita juu ya ubao likitafuta mpangilio, na rangi ikiwa na umbo lake mpangilio unashikika upesi zaidi. Nilijikuta naona tatu kabla sijazitafuta. Kamlio ka kuzomea kameondolewa, pamewekwa mgongano mdogo wa mawe, tok, basi. Kete zinavyoanguka zina uzito. Ukipasua chini kabisa ya ubao, safu nzima inashuka, zinakutana tatu ambazo hukuzipanga, zinapasuka zenyewe, za juu yake zinashuka nazo zinakutana, na wewe umeondoa mkono kwenye kipanya unatazama tu. Kwa mimi utamu wa gemu hizi wote uko hapo. Unafanya jambo moja dogo la akili, halafu bahati inalipokea na kulikuza mbele ya macho yako. Shikeni hili, nitalirudia nikiwa nimekasirika.

Mdogo wangu alikuja, akaweka zile alama, akacheza. Ngazi iliyokuwa imenikwamisha siku kadhaa akaivuka huku anapiga stori. "Kaka, sogea kidogo, unaniziba mwanga." Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kama ningeivuka mimi. Hapo ndipo zilipokuwa zile nyota nne.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kulikuwa na ngazi moja ya mbele zaidi, yenye barafu. Unatakiwa uvunje barafu yote iliyofunika ubao kabla zamu hazijaisha. Sina ugomvi na barafu. Nikacheza, nikashindwa, nikacheza, nikashindwa, kama kawaida ya gemu hizi. Usiku mmoja nikafika zamu ya mwisho na vipande viwili tu vya barafu vimebaki, vyote kona ya chini kulia. Nikatazama ubao kwa muda mrefu, hakuna anayekuhimiza, saa haihesabu. Nikaona njia. Sikuweza kuifikia ile kona moja kwa moja, lakini nikisogeza kete ya bluu juu kushoto, safu itashuka, kijani zitakutana, zikipasuka zitaangusha zambarau hadi kule kona. Niliihesabu. Nilifuata kwa kidole kwenye skrini, mtu mzima mimi.

Nikasogeza. Bluu zikapasuka. Safu ikashuka. Kijani zikakutana, tatu, zikaanza kung'aa, zambarau juu yake zimeanza kuanguka, nazitazama kabisa zinaanguka, ziko hewani, hazijatua. Kidirisha kikafunguka katikati ya skrini: *Zamu zimeisha! Nunua zamu tano uendelee.* Pembeni yake kuna kale kakatuni kao ka mnyama mwenye macho makubwa, anatoa chozi.

Nyuma ya kidirisha kete zilisimama palepale zilipokuwa. Zambarau tatu zimening'inia. Nikabofya msalaba wa kufunga, nikidhani kikiondoka zitamalizia kushuka. Kikaondoka. Ubao ukafutika. *Umeshindwa.*

Jamani.

Kushindwa nakubali. Nimeshindwa mara zisizo na idadi kwenye gemu hii na sikuandika neno. Mimi sikushindwa hapa. Nilizuiwa kumaliza kushinda. Na walichokikatiza si mapambo ya skrini, ni kilekile kitu ambacho gemu nzima imejengwa kukupa: kutazama kete zikianguka baada ya wewe kufikiri. Wamenipokonya hicho halafu wakageuka kuniuzia.

Kwa ambao hamjawahi kujiuliza ndani ya gemu hizi kunafanyikaje: yale maanguko tunayoyatazama mara nyingi ni maonyesho. Kompyuta haihitaji kusubiri kete itue ndipo ijue imetua wapi. Kwake ubao ni jedwali la namba, na inaweza kulipiga hesabu lote, pasuko baada ya pasuko, kabla jicho lako halijapepesa. Sisi ndio tunaocheleweshwa ili tufurahie. Kwa hiyo kanuni ya kawaida ni rahisi: zamu ikichezwa, acha ubao utulie, kisha uliza kama lengo limetimia, kisha ndiyo useme kashinda au kashindwa. Hii yao inauliza kabla ubao haujatulia. Nikajiambia ni kasoro, hutokea, kuna mtu kaandika mistari miwili kwa mpangilio usio sahihi. Nikawa mstaarabu. Nikawaandikia huduma kwa wateja barua ya heshima, nikaeleza ngazi, nikaeleza zamu, nikaambatanisha picha ya skrini inayoonyesha zile zambarau zikiwa hewani na kidirisha mbele yake.

Jibu lilikuja siku iliyofuata. Nalinukuu kwa maana yake: asante kwa kutuandikia, tunafurahi kwamba unafurahia gemu yetu, ngazi hiyo ni moja ya ngazi ngumu, usikate tamaa, endelea kujaribu! Na yule mnyama chini ya jina la aliyejibu. Safari hii anacheka.

Nikajibu, nikasema sikulalamikia ugumu, tafadhali tazama picha. Likaja jibu la pili, jina tofauti, maneno yaleyale, ila sasa limeongezewa ushauri: wachezaji wetu wengi huona zamu tano za ziada zinawasaidia.

Ugumu! Kama kuna kitu sijawahi kukilalamikia kwenye gemu hizi ni ugumu. Mwaka 2014 mwanasayansi wa kompyuta Toby Walsh alithibitisha kwamba fumbo lililomo ndani ya Candy Crush, gemu nyingine maarufu ya aina hii, ukilipanua hadi ubao wa ukubwa wowote, liko kwenye kundi la yale mafumbo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua yote. Hilo naliheshimu. Nikilemewa na ubao nasema ubao umenilemea. Lakini hapa ubao nilikuwa nimeuweza, na mtu anayepokea mshahara kwa kusoma barua hakuisoma barua. Sijui ni mtu au ni programu inayojibu. Kama ni programu, nayo inahitaji kufundishwa kutazama picha. Kama ni mtu, basi nampa pole ya kulazimishwa kumtia yule mnyama chini ya jina lake.

Hapo nilikuwa nimeshateremsha hadi nyota moja na maneno makali tayari. Nashukuru sikuyatuma, maana yangekuwa makali nusu tu ya yanavyostahili.

Juzijuzi intaneti ilikatika nyumbani jioni nzima. Nikafungua gemu kwa kukosa la kufanya. Ikakubali kuchezwa bila mtandao, duka lake tu ndilo likawa na rangi ya kijivu. Nikaingia ngazi ya barafu. Nikafika zamu ya mwisho, si kwa mpango wa maana safari hii, nilikuwa nakisia. Nikasogeza. Kete zikashuka, zikapasuka, nyingine zikashuka, nikawa nasubiri kidirisha kama mtu anayesubiri kofi. Hakikuja. Zikaendelea. Pasuko la tatu, la nne, barafu ya mwisho ikavunjika na ubao ukatulia. *Umeshinda.*

Nikajaribu tena na tena, usiku ule na siku zilizofuata, intaneti ikiwepo na nikiwa nimechomoa waya. Waya ukichomolewa, ambapo hakuna cha kuniuzia, inasubiri kete ya mwisho itue kwa adabu zote. Waya ukirudi, kidirisha kinaruka mbele ya kete.

Kwa hiyo kusubiri inajua. Ilikuwa inajua muda wote.

Labda bado ni kasoro. Labda duka likikosa mtandao kidirisha kinachelewa kufunguka na ule ucheleweshaji ndio unaoziacha kete zimalize. Inawezekana kabisa, na mtu mwenye moyo mweupe angeishia hapo. Mimi barua ya tatu nimewaandikia nikiwaeleza hata hilo, hatua kwa hatua, nikiwafanyia kazi yao bure. Hadi naandika haya, nimejibiwa na yule mnyama.

Ukitaka kuicheza, chomoa waya kwanza. Nasema hivyo bila kejeli, maana bila mtandao hii ni gemu nzuri ya rangi, macho yatakushukuru, na ukiwa na ndugu asiyetofautisha nyekundu na kijani mpe aweke zile alama uone uso wake. Ukiwa na mtandao usiiguse. Nyota sijui tena nizihesabuje. Kampuni yenyewe ingepata sifuri kama sifuri ingeruhusiwa kuwekwa. Basi mbili zibaki, ila zote mbili ni za yule aliyechora kete. Kama anasoma hapa, azichukue na akatafute kazi kwa watu wengine.