Suti ya mtumba ya kuzamia: nimeivaa kusi nzima

Niliikuta Ngamiani, hapa Tanga, kwenye rundo la makoti ya mvua, nikailipia elfu sitini baada ya kuvutana sana. Muuzaji hakujua hata ni nguo ya nini. Mpira wa milimita 5, mikono mirefu, goti limechanika. Nikaliziba kwa gundi ya tairi la baiskeli.

Wenzangu wa Raskazone walinicheka: bahari yetu hii, suti ya nini? Wazame saa nzima wakati wa kusi ndipo waniambie. Mita 10 ni raha tupu. Ukifika mita 30, mgandamizo ni mara nne ya huku juu, mpira unakuwa mwembamba kama chapati ya maji, baridi inakutambaa kiunoni. Hapo nikawawaza wale wanaozama kwenye maziwa ya Ulaya wakati wa barafu, suti kavu isiyoingiza maji mwilini, heliamu kwenye mitungi ili nitrojeni isiwaleveshe. Vidole vimekufa ganzi, valvu haishikiki, na bado kuibuka ni kwa vituo, kusubiri njiani gesi itoke mwilini polepole. Wana moyo!

Kero ni zipu ya mgongoni. Mke wangu huifunga nyumbani, napanda bodaboda nimeshavaa, jasho linanitiririka mpaka ufukweni.