TAHADHARI: Anauza magari ya kifahari yenye "sevisi kamili", lakini sevisi yenyewe iko kwenye wino tu

Wadau, nimesubiri wiki tatu hasira zipoe kidogo ili niandike yale tu ninayoweza kuyathibitisha. Jina la muuzaji silitaji, shauri letu bado halijaisha na sitaki anigeuzie kibao. Nitaeleza mchezo wake ulivyo. Ukimkuta utamjua.

Niliuziwa sedani kubwa ya Kijerumani ya mwaka 2014. Dizeli, viti vya ngozi, springi za hewa, giaboksi ya otomatiki ya gia 8. Dashibodi ilisoma kilomita 94,000 na ushee. Gari safi, mpaka unaona aibu kuingia na viatu. Jamaa akafungua kidroo cha mbele ya abiria, akatoa kitabu cha sevisi na kunifunulia ukurasa mmoja mmoja taratibu, kidole kikifuata mihuri. "Bosi wangu, hili halijawahi kuruka sevisi hata moja. Soma mwenyewe." Nikasoma. Mihuri tisa, kila kilomita 10,000. Oili na filta, maji ya breki, na kwenye 80,000 imeandikwa "oili na filta ya giaboksi". Nikalipa bei iliyokuwa juu kuliko magari mengine ya aina ile niliyokwisha kuyaona, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nanunua hicho kitabu kuliko hata gari.

Halafu likaja la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Akaniuzia mpango wa sevisi wa miaka miwili, unalipa zote kwa mkupuo, unapeleka gari kwenye gereji ya mshirika wake kila taa ya sevisi inapowaka. Akasema gari la namna hii halitaki fundi wa kubahatisha. Hapo alisema kweli, na ndiyo maana nikanasa.

Mimi ni mtu wa ratiba. Taa ikiwaka leo, kesho nipo gereji. Mara ya kwanza nikapokelewa vizuri, nikakaa sebuleni kwao, baada ya dakika arobaini gari likaletwa limeoshwa, taa imezima, muhuri umegongwa. Mara ya pili vilevile. Nikarudi nyumbani najisifu kwamba natunza gari.

Sasa naomba mlielewe hili vizuri, kwa sababu ndipo wizi wote ulipojificha: ile taa haijui kama oili imebadilishwa. Kompyuta inahesabu kilomita, siku na jinsi gari lilivyoendeshwa, basi. Mtu akibonyeza vitufe vya kwenye usukani au kile cha kwenye dashibodi kwa mpangilio unaotakiwa, hesabu inaanza upya. Haifiki dakika moja, na magari mengi ya aina hii hayahitaji hata mashine. Halafu magari mengi ya Kijerumani ya miaka hiyo hayana kijiti cha kupimia oili. Kiwango unakisoma kwenye skrini. Kwa hiyo mwenye gari hawezi kuchomoa kijiti akaona oili ni nyeusi tii. Skrini inakwambia oili ipo ya kutosha. Kwamba ni ya zamani, haikwambii.

Kilichonishtua ni risiti. Baada ya sevisi ya pili nilikaa nikasoma mwongozo wa gari, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Unasema injini inachukua zaidi ya lita 6. Risiti yao iliandika lita 4, na mbele yake "oili nzuri". Oili nzuri! Magari haya yana viwango vyake na viwango hivyo vina majina: Mercedes-Benz wana 229.51, BMW wana Longlife-04, Volkswagen na Audi wana 507 00. Si mapambo. Dizeli yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi inataka oili yenye majivu kidogo, la sivyo kichujio kinaziba polepole. Fundi aliyemwaga oili kweli ataandika kiwango gani na lita ngapi, kwa sababu na yeye ameinunua.

Nikaweka mtego. Kabla ya sevisi ya tatu nilitoa filta ya hewa ya injini, nikaandika tarehe kwa kalamu ya rangi nyeupe pembeni kabisa ya fremu yake, mahali ambapo hupaoni mpaka uitoe. Filta ya kabini nayo hivyohivyo. Kisha nikaenda kwa rafiki yangu mwenye shimo la kukagulia magari, tukafungua kinga ya chini, nikachora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye boliti ya kumwagia oili hadi kwenye sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Boliti ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika.

Nikapeleka gari. Dakika arobaini. Limeoshwa, taa imezima, muhuri. Risiti inasema oili, filta ya oili, filta ya hewa, filta ya kabini. Nikaendesha moja kwa moja hadi kwenye lile shimo. Mstari mzima, haujaguswa. Nikafungua boneti, nikavuta filta ya hewa, na mwandiko wangu ukanitazama. Walipuliza vumbi la juu, nawapa hilo.

Kama ingeishia hapo ningesema nimeibiwa oili, nikasonga mbele. Lakini kwa muda gari lilikuwa limeanza kurusha kichwa kidogo linapokaribia kusimama, gia ya pili inapoingia ya kwanza. Likiwa baridi linasitasita. Nikampelekea mzee mmoja ambaye kazi yake ni giaboksi tu, nikampa na kile kitabu kwa majigambo yaliyobaki: "Oili ya gia na filta vilibadilishwa kwenye 80,000, mzee." Akakipokea, hakukifungua. Akapandisha gari, akaenda chini na tochi. Baada ya muda akaniita. "Njoo usome hapa."

Giaboksi hii ni ya ZF, ya gia 8. Sampo yake ni ya plastiki na filta imo ndani yake, vimetengenezwa kitu kimoja. Huwezi kubadilisha filta ukaacha sampo. Na sehemu nyingi za plastiki zina alama ndogo ya mviringo kama uso wa saa, iliyochongwa na kalibu yenyewe, inayoonyesha mwaka katikati na mshale ukielekea mwezi. Sampo yangu ilisoma 13, mshale kwenye mwezi wa kumi na moja. Gari la 2014, sampo ya mwishoni mwa 2013. Ilitoka nayo kiwandani na haijawahi kushuka. Vichwa vya boliti zake vilikuwa na uchafu mgumu ambao haujawahi kuonja spana.

Mtaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba oili ya giaboksi hizi ni ya maisha, haibadilishwi. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema hivyo. Lakini ZF wenyewe, waliotengeneza giaboksi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8. Muuzaji wangu alilijua hilo, ndiyo maana alihakikisha kitabu kinalitaja. Wanunuzi wanaojisomea hulitafuta kwanza.

Mzee akachomeka mashine yake ya kusoma kompyuta za gari, si ile ndogo ya kufuta taa, ile kubwa inayoingia kwenye kila kitengo. Dashibodi wakati huo ilikuwa 121,000. Kwenye kitengo cha springi za hewa kulikuwa na kosa la zamani la kompresa, ile pampu inayozijaza hewa, limehifadhiwa pamoja na kilomita za siku lilipotokea: 171,000. Nikalirudia kusoma mara tatu. Gari lenye kilomita 121,000 liliugua lilipofika 171,000. Vitengo vingine viwili vilisoma zaidi ya 200,000. Aliyerudisha kilomita alirudisha za kwenye dashibodi na mahali pengine anapopajua, akasahau kwamba gari la namna hii lina kompyuta nyingi na kila moja ina kumbukumbu yake. Kwenye baadhi ya BMW hata ufunguo unabeba kilomita.

Usiku ule nilikichukua kile kitabu nikakichunguza kama polisi. Mihuri ya miaka kadhaa, lakini wino mmoja, uzito mmoja, mwandiko unaolalia upande mmoja, kana kwamba fundi yule hakuwahi kubadilisha kalamu wala kuchoka mkono. Kwenye muhuri herufi R imekatika mguu, na imekatika hivyohivyo kwenye sevisi ya 2015 na ya mwisho kabla sijanunua. Kisha nikageuza jalada la nyuma. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, mwaka wa kuchapishwa: 2018. Kitabu kilichochapishwa 2018 kina mihuri ya 2015. Kilinunuliwa kitupu kikajazwa, pengine jioni moja.

Na hata kisingekuwa na kosa hilo, kingetakiwa kunishangaza. Watengenezaji kadhaa, wakiwemo Mercedes-Benz na BMW, walishahamishia kumbukumbu za sevisi kwenye mfumo wa kidijitali. Ukiwa na namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17, wakala rasmi anaweza kuona kilichofanywa ndani ya mtandao wao, tarehe na kilomita. Huenda wasikupe karatasi kama gari bado si lako, kwa sababu ya faragha ya mwenye gari. Basi mwambie muuzaji aombe yeye, na wewe uwe umesimama hapo. Wangu nilipomwomba kabla ya kununua alicheka, akasema, "Kaka, wale watakupotezea muda, kitabu si hiki hapa?" Nikacheka naye. Mjinga ni mimi.

Maji ya breki nayo usiyaache. Yananyonya unyevu hata gari likiwa limesimama, ndiyo maana ratiba nyingi zinataka yabadilishwe kila miaka 2 bila kujali kilomita. Maji mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa kuchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya unyevu kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 155 tu. Kuna kipimo kama kalamu, unakichovya kwenye chupa yake na taa zinakwambia. Kitabu changu kinasema yamebadilishwa mara nne. Kalamu ikawaka nyekundu papo hapo.

Nilimpigia. Kwanza nikawa "bosi wangu", fundi amepitiwa, lete gari tulirekebishe bure. Nilipotaja kitabu cha 2018 nikawa "wewe jamaa", gari lilikuwa limetumika, na yeye alilipokea hivyohivyo kutoka kwa mwenyewe. Nilipotaja kosa la 171,000 alikata simu. Kesho yake akaniandikia ujumbe kuniomba nimrudishie kitabu, eti akakifanyie uchunguzi. Kitabu kipo mahali salama pamoja na filta, picha za mstari wa rangi na ripoti ya mzee. Ukikutwa na haya, usikubali gari lirudi kwake hata kwa saa moja kabla hujapata ripoti ya mtu mwingine iliyoandikwa na kutiwa sahihi, maana kitakachorekebishwa kwanza ni ushahidi.

Walionunua kwake na bado wana mpango wa sevisi aliouuza: msibishane naye. Nunueni kalamu ya rangi. Filta ya hewa, filta ya kabini, boliti ya sampo. Kisha mpelekeeni gari kama kawaida na mtabasamu.

Jana nimeona ametangaza gari jingine, jeusi, la 2016, "kilomita chache, historia kamili ya sevisi, halijawahi kuruka". Ameweka na picha ya kitabu kikiwa wazi juu ya kiti cha ngozi. Nikaikuza ile picha mpaka ikaanza kuvunjika. Ile R haina mguu.