Uzoefu wangu na mwalimu Ichabod Crane, kitabuni na kwenye skrini

Nimeisoma upya hadithi ya Washington Irving, "The Legend of Sleepy Hollow", iliyochapishwa mwaka 1820, kisha nikatazama katuni ya Disney ya mwaka 1949 na filamu ya Tim Burton ya mwaka 1999, nikitaka kujua ni nani aliyemtendea haki mwalimu Ichabod Crane.

Kitabuni, Ichabod ametoka Connecticut kuja kufundisha katika bonde la walowezi wa Kidachi karibu na mto Hudson, jimboni New York. Shule yake ni chumba kimoja cha magogo, na madirisha yake yana vioo sehemu tu, kwingine yamezibwa kwa kurasa za madaftari ya zamani. Jioni hujilaza kwenye nyasi kando ya kijito, akasoma habari za wachawi zilizoandikwa na Cotton Mather, mchungaji wa zamani wa New England, mpaka giza liingie na herufi zisionekane tena. Ndipo huanza safari ya kurudi anakolala, na yote aliyoyasoma yakawa yanamngoja njiani: sauti ya chura, mlio wa bundi, hata kimulimuli akimpitia usoni, naye hujipa moyo kwa kuimba zaburi. Mimi niliyeanza kazi ya ualimu katika kijiji kisicho na umeme, sehemu hiyo niliisoma mara tatu.

Katuni, inayosimuliwa kwa sauti ya Bing Crosby, imemwacha mwalimu abaki mwalimu, mwoga na mpenda chakula. Usiku anaporudi kutoka karamuni anasikia kwato nyuma yake, kumbe ni matete yanayogonga gogo. Anacheka kwa faraja, farasi wake naye anacheka, kisha kicheko cha tatu kinasikika, cha mpanda farasi asiye na kichwa anayeogopwa bondeni. Sijaona mahali pengine ambapo hofu ya mtu huyu imeonyeshwa vizuri hivyo.

Filamu ya mwaka 1999 ina mandhari ya kuvutia mno, na ilistahili kabisa tuzo ya Oscar iliyopata kwa usanifu wa mandhari. Hata hivyo, Ichabod wa Johnny Depp ni askari mpelelezi anayeamini sayansi, na mpanda farasi asiye na kichwa ni mzimu wa kweli. Hapo nilihuzunika, kwa sababu Irving anatuachia kofia ya mwalimu na boga lililopasuka karibu na daraja, Brom Bones, kijana aliyeshindana naye kwa mchumba, anayecheka kila boga linapotajwa, na akina mama wazee wanaoshikilia kwamba mwalimu alichukuliwa na mzimu; kila msomaji anaamua mwenyewe.

Kitabu kinahitaji subira kurasa za mwanzo, na filamu ya Burton, yenye vichwa vingi vinavyokatwa, haiwafai watoto. Katuni niliitazama na binti yangu wa miaka tisa. Ilipokwisha aliniuliza kama mwalimu alikufa au alikimbia, nami nikachukua kitabu nikamsimulia habari ya kofia na boga.