Huduma ya amana ya familia inayotolewa na mawakili wa Kenya: lipia ile inayofika kwenye hati miliki

Tangu Sheria ya Wadhamini (Perpetual Succession), Sura ya 164, irekebishwe mwaka 2021 na kuitambua amana ya familia, yaani mali kushikwa na wadhamini kwa faida ya familia, huduma hii huuzwa kwa namna mbili. Ya bei nafuu huishia kwenye hati ya amana na cheti cha usajili. Ya pili huendelea hadi hati miliki za ardhi zisome majina ya wadhamini. Ile ya kwanza hatuipendekezi, hata ikiwa nusu bei.

Amana hushika mali iliyokabidhiwa wadhamini. Ploti ya Kitengela iliyoorodheshwa kwenye hati lakini ikabaki kwa jina la baba inaweza kuburutwa kwenye kesi ya mirathi siku atakapofariki, cheti kikiwa kabatini. Kuihamisha ndiyo kazi yenyewe: kupekua rejista ya ardhi, kupata vyeti vya kumaliza kodi ya ardhi na ya kaunti, ridhaa ya mke au mume, na kwa shamba la kilimo, kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, ambacho huombwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Hapo ndipo mambo mengi hukwama. Ushuru wa stempu kwa kawaida ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mjini na 2 mashambani. Wakili akuandikie kama uhamisho wako umesamehewa ushuru huo, na kwa kifungu kipi kinachotumika leo, maana sheria za kodi hubadilishwa karibu kila mwaka.

Isome hati ya amana kabla ya kutia sahihi. Zile za kunakiliwa hujulikana upesi: zinasema "watoto wangu" bila kusema kama waliozaliwa nje ya ndoa wamo, tena hazielezi nani atateua mdhamini mpya mmoja akifariki au akipoteza uwezo wa akili. Pengo hilo la mdhamini huwarudisha ndugu mahakamani mara nyingi kuliko wanavyodhani. Pia, kisheria amana ya familia si chombo cha kufanya biashara. Anayekuambia uingize duka lako moja kwa moja hajaisoma sheria; njia ya kawaida ni duka liwe kampuni, na wadhamini washike hisa.

Kumpata wakili si kazi ngumu. Tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya uone kama leseni yake ya mwaka huu ipo, kisha umuulize: "Wakili, umeshahamisha ardhi kwenda kwa wadhamini, na kila ploti utanitoza ngapi?" Dai bei kwa maandishi, ada yake ikitengwa na malipo ya serikali. Akitaja jumla moja tu bila kuuliza una ploti ngapi na ziko kaunti gani, huyo anakuuzia karatasi. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako mpaka uone hati miliki mpya.