Uzoefu wangu: video za bure za Access Agriculture katika vijiji vya Chamwino

Kazi yangu ni maendeleo ya jamii, nazunguka vijiji vya Chamwino, na katika nyenzo zote za bure nilizopata mtandaoni hakuna zilizonifaa kama video za Access Agriculture. Ni shirika lisilo la faida, lilianzishwa mwaka 2012, na video zake za kilimo na ufugaji zipo kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Unajisajili bure, unapakua video nzima, au sauti peke yake kwa wale wenye kiswaswadu.

Huko kupakua ndiko kulikonivuta. Ukishaacha lami, mtandao ni wa kubahatisha, na nani atamaliza bando lake kwa ajili ya somo? Napakua nikiwa Dodoma mjini, naweka kwenye memori kadi, na mkutano ukiisha watu wanarushiana simu kwa simu.

Zilizowagusa wakulima zaidi ni video za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Anayelima mtama au uwele anaujua uchungu wake: mmea umesimama, mvua imenyesha, lakini jani linanyauka kwa sababu mizizi inanyonywa chini kwa chini. Video hizo zilipigwa Afrika Magharibi, ambako kiduha kina maua ya zambarau. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Hicho si chetu, chetu kina maua mekundu." Nikasimamisha video, tukaingia shambani, tukang'oa kimoja na shina lake la mtama na kuosha mizizi kwa maji ya dumu. Wote wakaona kilivyojishikiza. Aina ni tofauti, tabia ni moja: mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Kuanzia hapo hakuna aliyebishia kung'oa kabla hakijatoa mbegu, kuweka samadi, wala kuchanganya mtama na kunde. Mjadala ukahamia kwenye jambo gumu zaidi, yaani shamba la jirani asiyepalilia, na mwenyekiti wa kitongoji akalibeba.

Kiswahili cha video ni kizuri, ila bibi zetu wengi wanafikiri kwa Kigogo. Namwomba mama mmoja wa kikundi atafsiri kila baada ya kipande kifupi, na mara nyingi maelezo yake yanazidi ya video.

Kwa upande wa kupanga miradi natumia Community Tool Box, tovuti ya mafunzo ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Ina mambo mengi sana, lakini inataka msomaji wa Kiingereza mwenye subira. Kukusanya takwimu za kaya natumia KoboToolbox: maswali unaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na simu inatunza majibu hata pasipo mtandao.

Ukitaka kuanza, chagua video moja tu kwa mkutano, itazame mwenyewe kwanza, na uionyeshe kabla ya msimu wa kupanda. Wakati wa palizi hutampata mtu.