Hadubini ya kubana kwenye simu: uzoefu wangu na minyoo wa mchangani

Kufuga samaki wa baharini hapa Kisumu ni kazi ya upweke. Ukiuliza habari za ngege au mbuta utajibiwa na kila mtu, lakini ukiuliza mnyoo gani anaishi kwenye mchanga wa maji chumvi, kimya. Mawe na mchanga wa tangi langu vilitoka Mombasa, vikaja na minyoo wa kila namna. Ndipo nikanunua hadubini ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu, ile yenye taa ubavuni, kwa bei isiyofika shilingi elfu mbili. Imenifaa sana.

Jambo la kwanza la kujua: lenzi hii hutaka kukaribia kitu mpaka iwe kama inakigusa, kwa hiyo kupitia kioo cha tangi hutaona chochote. Mimi huvuta mchanga kidogo kwa sirinji isiyo na sindano, pamoja na maji ya tangi lenyewe, namimina kwenye kisahani cheupe. Usiweke maji ya mfereji, yatamuua mnyoo kabla hujamtazama vizuri. Taa za hadubini nazo huacha madoa meupe juu ya maji, hivyo nazizima na kumulika kwa tochi kutoka pembeni. Halafu rekodi video badala ya picha, kwa sababu mwendo wa mnyoo ndio unaomtambulisha zaidi.

Mwenye pingili, na kila pingili ina vishungi vya nywele pande zote mbili, ni polikaeti. Wengi wao hula mabaki ya chakula na kuufukua mchanga, nami nawaacha waendelee. Ila usiwashike kwa mkono mtupu. Wako ambao nywele zao huvunjikia ngozini na kuwasha vibaya. Tumia kibano. Uzi mwembamba usio na pingili wala nywele, unaojipinda kushoto na kulia kwa fujo, ni nematodi, na wa mchangani hawana shida na samaki. Walio bapa na kuteleza polepole ndio nawachunga, hasa wekundu wenye mkia uliogawanyika: huzaana haraka, huwafunika matumbawe, na wakifa wengi kwa pamoja hutoa sumu majini.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni zile nyuzi nyeupe zinazotanda juu ya mchanga usiku. Ni mikono ya mnyoo mmoja aliyejificha ndani ya bomba lake. Chini ya lenzi unaona chembe za uchafu zikisafiri kwenye mfereji mdogo katikati ya mkono, moja baada ya nyingine, kuelekea mdomoni. Niliitazama video hiyo mpaka chaji ikaisha.

Stima ikipotea kwa muda mrefu, pampu husimama, oksijeni hupungua na minyoo hupanda juu ya mchanga. Washa pampu ya betri kwanza, kisha chukua tochi: hapo utawaona hata wale ambao siku nyingine hawajitokezi.

Lawama yangu ni klipu. Plastiki yake ililegea upesi, na sasa naishikilia kwa raba bendi. Kwenye simu yenye kamera nyingi hakikisha umeibana juu ya ile kuu, la sivyo utapata giza tupu. Na kama unatafuta jina kamili la spishi, hii haitakufikisha. Hapo ni hadubini ya maabara.